Mpangilio ni Tafsiri: Picha za Ngorongoro na Karatu

Msomaji wa mashairi wa pwani anaijua adha ya mswada uliovurugika. Utenzi umenakiliwa kwa hati za Kiarabu, karatasi hazina nambari, uzi wa jalada umekatika, na warithi wamezirundika kurasa mkobani pamoja na barua, risiti na hati za ndoa. Mwenye pupa huzipanga papo hapo kwa jinsi anavyodhani kisa kilivyokwenda. Mwenye adabu huanza kwa kutazama. Hulitafuta neno lililoandikwa pembeni, chini ya ukurasa, ambalo hurudiwa juu ya ukurasa unaofuata. Huangalia wino umebadilika wapi. Huifuata hata njia ya mdudu, kwani mdudu aliyetoboa karatasi tano kwa tundu moja ni shahidi kwamba karatasi hizo zililala pamoja miaka mingi. Akishayaandika hayo yote, ndipo anapothubutu kuhamisha ukurasa.

Makala haya yanahusu picha, si tenzi, lakini nimeanzia mswadani kwa makusudi. Nadai kwamba anayepanga na kueleza kasha la picha za kale anafanya kazi ileile ya mhariri na mhakiki wa tungo, na kwamba kazi hiyo ikifanywa bila ya adabu ya uhariri, picha husemeshwa yasiyokuwemo na hunyamazishwa yaliyomo. Mfano wangu ni nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania: kuanzia mashamba ya Karatu na Oldeani, kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na kuteremka upande wa pili hadi korongo la Oldupai na ziwa Eyasi. Ni sehemu chache za nchi yetu zilizopigwa picha kwa wingi kama hizo. Picha zenyewe zimetapakaa katika maktaba, makumbusho na nyumba za watu, kutoka Dar es Salaam hadi Ujerumani, Uingereza na Marekani, na nyingi zimeelezwa kwa maneno matatu au manne, yaani mnyama, mlima au kabila.

Huenda mkaazi wa kisiwani akauliza, bara la mbali hivyo linatuhusu nini? Linatuhusu tangu mwanzo. Mzungu wa kwanza kuacha maandishi ya kuifika kreta ya Ngorongoro ni Mwaustria Oscar Baumann, aliyefika Machi 1892 akiongoza msafara uliotoka Tanga. Miaka michache baadaye huyohuyo alikuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria hapa Unguja, na akaandika juu ya visiwa vyetu. Kitabu chake cha 1894 kuhusu safari ya Umaasaini kilipambwa kwa vielelezo vilivyotokana na picha na michoro yake mwenyewe. Alifika wakati sotoka imekwishafyeka ng'ombe na Wamaasai wanakufa kwa njaa, na aliwaona wenye njaa hao mumo humo ndani ya kreta. Kwa hiyo kumbukumbu ya mwanzo iliyoandikwa kuhusu mahali pale inahusu watu, watu walio taabuni, wala haielezi bustani ya wanyama isiyokuwa na mtu. Ikumbukwe hoja hiyo, nitairudia.

Waliomfuata Baumann walikuja kila mmoja na jicho lake. Mwanajiografia Fritz Jaeger alizunguka nyanda hizo mwaka 1906 na 1907, akatafuta miamba, majivu ya volkano na vilele. Ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walifuga na kulima ndani ya kreta hadi Vita Vikuu vya Kwanza. Hans Reck alikuja Oldupai mwaka 1913 kutafuta visukuku, akaondoka na mifupa ya mtu iliyozua ubishi wa miaka mingi. Ludwig Kohl-Larsen alichimba kandokando ya Eyasi katika miaka ya 1930. Kisha wakaja Louis na Mary Leakey, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama kutoka angani. Mwanajiografia alimweka mpagazi mbele ya jabali ili mtazamaji akisie kimo cha jabali. Mlowezi alipiga picha nyumba na mifugo yake. Mtaalamu wa visukuku alipiga picha shimo. Mtu yuleyule wa Karatu au wa ukingo wa kreta angeweza kutokea katika picha zote hizo, na katika zote akawa kipimo au pambo, au akawa kivuli tu.

Hapo ndipo linapozuka kosa la kwanza la upangaji, nalo ni kupanga kwa aina. Tuseme mpiga picha alipiga picha kumi na mbili mfululizo katika siku moja ya masika. Ya kwanza ni lori lililokwama katika utelezi wa ukingo, ya pili vijana wanaolisukuma, ya tatu mzee aliyewapa maziwa, ya nne boma la mzee huyo, na baada ya mchana faru wawili kwenye nyasi. Anakuja mpangaji mwenye masanduku manne yaliyoandikwa Usafiri, Wenyeji, Majengo na Wanyama. Baada ya saa moja meza yake ni safi, na siku ile imekufa. Hakuna tena atakayejua kwamba faru wale walikuwa wakila nyasi karibu na boma la mzee, wala kwamba mzee yule ndiye aliyemfikisha mpiga picha pale. Ni sawa na mtu kuichukua diwani ya mshairi, akaikata mishororo yote yenye neno bahari, akaiweka bahashani, na yenye neno pendo bahasha nyingine, kisha akatuambia kwamba diwani imepangwa vizuri.

Watunzaji wa nyaraka wa Ulaya waliligundua kosa hili zamani. Ufaransa ilitoa agizo mwaka 1841 kwamba karatasi zitokazo katika chanzo kimoja zibaki kundi moja, zisichanganywe na za chanzo kingine kwa kufuata mada. Kanuni ya pili, iliyokomaa baadaye, ni kuuheshimu mpangilio ambao mwenye karatasi aliuacha. Kanuni hizi zimekubaliwa katika barua na majalada ya ofisi, lakini picha zimekuwa zikivunjiwa heshima hiyo, kwa kuwa picha hudhaniwa kwamba inajieleza yenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Kumbe picha iliyong'olewa kundini ni ubeti mmoja wa utenzi uliookotwa njiani: vina vyake vinasikika, lakini nani anasema, na anamwambia nani, hatujui.

Katika jambo hili mkusanyo wa Winterton unastahili sifa. Ni mkusanyo wa picha za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, uliokusanywa na Mwingereza Humphrey Winterton na kununuliwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Una zaidi ya picha 7,000. Waliozieleza hawakuzimwaga zote katika bahari moja ya mada. Albamu ilibaki albamu, na anayeitazama picha moja aweza kujua ilitoka katika albamu gani na imezungukwa na zipi. Msomaji makini huona basi kwamba picha ya simba katika albamu fulani imewekwa baina ya picha ya karamu na picha ya mpira wa farasi, na papo hapo ameelewa zaidi kuhusu mwenye albamu kuliko kuhusu simba.

Hata hivyo mpangilio wa awali nao usiabudiwe. Albamu ina mwenyewe, na mwenyewe ana nia. Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani, iliyoundwa mwaka 1887, ilikusanya hazina kubwa ya picha ambazo leo ziko Chuo Kikuu cha Frankfurt, takriban 55,000. Nyingi zilitumika kuonyeshwa ukutani kwa taa katika mihadhara ya kuwavutia Wajerumani wapende makoloni. Mpangilio wa mhadhara ni mpangilio wa hoja: kwanza nyika tupu, kisha mwenyeji aliyesimama bila kazi, kisha shamba la mlowezi lililonyooka mistari. Mwenye kuueleza mfululizo huo hana ruhusa ya kuuvunja, wala hana ruhusa ya kuuamini. Wajibu wake ni kuuandika kama ulivyo na kutaja ulikuwa wa kazi gani. Ndivyo tunavyofanya na kasida ya kumsifu mtawala. Hatuifuti, hatuibadilishi, lakini hatuisomi kama ushahidi wa tabia ya mtawala huyo.

Kosa la pili ni la majina. Atafutaye picha za ziwa Eyasi katika orodha za Kijerumani aandike Njarasa, la sivyo ataambiwa hakuna. Atafutaye Oldupai aandike Oldoway kwa Reck na Olduvai kwa Leakey, ingawa neno lenyewe ni la Kimaasai na ni jina la katani mwitu iotayo korongoni. Wahadzabe wameandikwa Watindiga au Wakindiga. Wairaqw wameandikwa Wambulu. Wadatooga wameandikwa Wataturu, au Wamang'ati, na hili la mwisho ni neno walilopewa na Wamaasai, maana yake maadui. Fikiri, msomaji, mtoto wa Kidatooga aliyepigwa picha ananyonya kifuani mwa mamaye, chini yake pameandikwa adui, na orodha yaendelea hivyo miaka na miaka kwa kuwa hapana aliyeuliza.

Karatu yenyewe imepotea kwa namna hiyohiyo. Kabla ya kuwa wilaya katika miaka ya 1990, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Kwa hiyo picha za Karatu zimelala chini ya Mbulu, au chini ya Oldeani kwa ajili ya mashamba ya kahawa ya walowezi, au chini ya Jimbo la Kaskazini kwa ujumla wake. Leo watalii wengi waendao kreta hupita Karatu, na kamera zao huanza kazi langoni mwa hifadhi. Mji unapitwa na wapiga picha wa leo na unapitwa na orodha za jana. Na hapo ndipo Wairaqw, katika karne ya 20, walipoenea kutoka nchi yao ya asili kule Mbulu, wakafyeka, wakalima, wakajenga tembe zao kisha mabati, hadi vilima vikabadilika sura. Hiyo ni historia kubwa ya kazi ya mikono, na haimo katika masanduku yaliyoandikwa Wanyama na Mandhari.

Dawa ya kosa la majina tunaijua sisi wapenzi wa tenzi. Mnakili wa zamani aliyeukuta utenzi wa Kiamu akausahihisha kwa Kiunguja alidhani anawafaa wasomaji, kumbe ameua vina na ameficha utunzi ulikotoka. Mhariri mwema huliacha neno la mswada mahali pake, na kando yake huandika neno lijulikanalo leo. Na mweleza picha afanye vivyo hivyo. Jina la zamani libaki kama lilivyoandikwa, kwa kuwa nalo ni ushahidi wa fikra za mwandishi wake. Mbele yake liwekwe jina ambalo watu wenyewe hujiita. Akilifuta la zamani amefuta kosa pamoja na ushahidi wa kosa. Akiliacha peke yake amelirudia kosa kwa kinywa chake.

Kosa la tatu ndilo zito, nalo ni la mahali na wakati. Neno Ngorongoro lina maana zaidi ya moja. Ni kreta, ambayo sakafu yake ni takriban kilomita za mraba 260. Ni hifadhi nzima, yenye zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Ni wilaya pia. Picha iliyoandikwa Boma la Wamaasai, Ngorongoro, yaweza kuwa ya sakafuni mwa kreta, yaweza kuwa ya ukingoni, yaweza kuwa ya mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Kwa mwenye kupenda picha nzuri tofauti hiyo ni ndogo. Kwa aliyezaliwa pale ni jambo la maisha.

Tukumbushane tarehe. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti waliondoshwa humo, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la watu na wanyama kwa pamoja. Mwaka huohuo filamu ya Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Iliwafundisha mamilioni ya watu wa Ulaya kuiona nyika ile kuwa mali ya wanyama, na ng'ombe wa Mmaasai kuwa mvamizi. Mwaka 1974 familia zilizoishi ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1979 eneo likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Na mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamisha wakaazi wa hifadhi kwenda Msomera, Wilaya ya Handeni. Serikali ilisema kwamba wanaohama wanahama kwa hiari, na kwamba watu na mifugo wamezidi uwezo wa ardhi. Wakaazi wengi walipinga, wakasema hiari hiyo imesukumwa.

Mimi si hakimu wa shauri hilo, na ukurasa huu si mahakama. Lakini yeyote aliyefuatilia mjadala huo ameona jinsi picha zinavyoitwa kutoa ushahidi. Huyu anatoa picha ya kreta iliyojaa nyumbu bila hata nyumba moja, anasema, tazameni, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Yule anatoa picha ya ng'ombe wakinywa maji kreta, anasema, tazameni, tulikuwapo. Picha zote mbili hazina tarehe. Ikiwa ya kwanza ilipigwa baada ya 1974, basi inaonyesha matokeo ya amri na haisemi lolote kuhusu asili ya mahali. Ikiwa ya pili ilipigwa kabla ya 1974, inamsadia msemaji wake. Ikiwa imepigwa kwingine, inamwangusha. Ndiyo maana nasema kwamba yule mpangaji aliyekaa peke yake na kasha lake, akaandika Mandhari ya Ngorongoro nyuma ya picha kwa penseli, ametia neno katika kesi ambayo hata haijui.

Na tarehe mara nyingi hupatikana, mtu akisoma kwa subira. Ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia ni ya akina Grzimek. Walifika nayo Desemba 1957, na Michael alikufa nayo tarehe 10 Januari 1959, kwa hiyo picha yoyote iliyo na ndege hiyo ikiruka juu ya kreta imejifunga yenyewe baina ya siku hizo. Nyumba ya Siedentopf ikiwa na paa na mifugo uani ni ya kabla ya vita. Gari la Land Rover haliwezi kuwa la kabla ya 1948. Tembe, nyasi na mabati katika kilima kimoja cha Karatu husomeka kama matoleo matatu ya utenzi mmoja. Hata upande wa kulia na wa kushoto unataka uangalifu, kwani bamba la kioo likigeuzwa wakati wa kusafisha picha, mlima Oldeani huhamia upande usio wake, na mchungaji akashika fimbo kwa mkono asioutumia. Mwenye kuijua nchi huligundua kosa hilo kwa kutupa jicho mara moja. Asiyeijua aweza kuishi na mlima uliogeuka maisha yake yote.

Kosa la nne ni la watu wasiotajwa. Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu katika korongo la Oldupai. Fuvu lilipewa jina la Zinjanthropus, na msomaji wa pwani atalitambua mara moja neno lililomo, yaani Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliuita mwambao wetu. Basi jina la pwani lilisafiri hadi korongoni likavishwa fuvu la zaidi ya miaka milioni moja na nusu, na fuvu hilo sasa limo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Lakini katika picha za uchimbaji, mikono iliyoshika brashi na karai aghlabu haina jina. Aliyekufa zamani za zamani ameitwa. Aliyemfukua kwa jua na vumbi ameandikwa mfanyakazi, au hakuandikwa kabisa.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika uchimbaji wa Tendaguru, mkoani Lindi, uliofanywa mwaka 1909 hadi 1913 na ambao Reck mwenyewe alipata kuuongoza kabla ya kwenda Oldupai, msimamizi Boheti bin Amrani ametajwa kwa jina lake, na picha yake inajulikana hadi leo. Katika nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978 na zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, limehifadhiwa jina la Ndibo Mbuika, aliyezifukua. Majina haya mawili yanatosha kuvunja udhuru wa kwamba zamani haikuwa desturi kuandika. Palipokuwa na nia, jina liliandikwa. Na anayekuta jina moja ana wajibu wa kulipeleka katika kila picha ambamo uso huo umejitokeza, kwa kuwa mtu aliyetajwa mara moja katika bahasha moja asibaki mgeni katika bahasha kumi nyingine.

Kwa mfano wa jirani, tutazame Uganda. Mwaka 2015 zilitambuliwa katika shirika la utangazaji la taifa hilo negatifu takriban 70,000, nyingi za zama za Idi Amin, zikiwa katika bahasha zenye maelezo ya wapiga picha wa serikali. Kuanzia 2018 shirika lenyewe likishirikiana na vyuo vikuu viwili, kimoja cha Marekani na kimoja cha Australia, lilianza kuzihamishia katika mfumo wa dijitali, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala. Kilichonivutia katika kazi ile ni kwamba waonyeshaji walikabili suala la yale ambayo kamera haikuyapiga, yaani mateso na waliotoweka. Kasha lililopangwa vizuri laweza kudanganya kuliko lililovurugika, kwa sababu unadhifu hushawishi kwamba kila kitu kimo. Mweleza picha aandike pia mapengo. Katika picha za Ngorongoro, kuhamishwa kwa familia za kreta mwaka 1974 ni pengo ambalo kila orodha ya picha za mahali pale ingepaswa kulikiri.

Nitajibiwa kwamba haya ni matamanio ya mtu wa mashairi. Makasha ni maelfu, watunzaji ni wachache, unyevu na fangasi havisubiri falsafa. Hoja hiyo naikubali nusu yake. Ikiwa hakuna muda, basi lielezwe kasha zima kwa aya moja ya kweli: lilitoka kwa nani, lilikutwaje, lina picha ngapi, lahusu miaka gani. Aya hiyo moja ina faida kuliko maelezo elfu ya kubuni. Na palipo na muda, kila picha ipewe sehemu tatu zisizochanganywa. Ya kwanza ni kinachoonekana. Ya pili ni kilichoandikwa juu yake, kwa herufi zake zilezile na makosa yake yaleyale. Ya tatu ni kinachodhaniwa, na nani anayedhani, na kwa dalili gani. Mhakiki wa shairi hutenganisha maneno ya mshairi na fasiri yake mwenyewe. Hakuna sababu mweleza picha asamehewe jambo ambalo mhakiki hasamehewi.

Sehemu hiyo ya tatu haiwezi kujazwa na mtu aliyeko Frankfurt au Northwestern peke yake, wala na msomi wa Dar es Salaam peke yake. Nakala zirudi Karatu, zirudi Endulen na Mang'ola, ziwekwe mbele ya wazee. Wairaqw wana utungo wao uitwao slufay, dua ya baraka ambayo mzee huitamka na hadhira huitikia, na bila ya waitikiaji utungo haujakamilika. Kueleza picha kwafaa kuwe hivyo: mtaalamu asome, watu waitikie, na muitiko wao uandikwe pamoja na majina yao kama wakiridhia. Wazee wawili wakitofautiana juu ya kilima au uso, zote mbili ziandikwe. Na wakisema picha hii isionyeshwe hadharani, kwa kuwa yumo mama aliyevuliwa nguo ili apimwe mwili kama mnyama, wasikilizwe. Kupanga vizuri si lazima kuwe kuanika kila kitu.

Jambo hili si la jana tu. Waliohamia Msomera walipiga picha nyumba walizoziacha na nyumba walizozikuta, na waliobaki wamepiga picha zao pia, wote kwa simu. Picha hizo zinapita mkono kwa mkono bila tarehe, bila jina la mahali, bila jina la mpigaji, na kila anayeipeleka mbele huiongezea maneno yake. Kasha la kesho linavurugika leo, mbele ya macho yetu, na safari hii hapatakuwa na tundu la mdudu la kutuambia zipi zililala pamoja. Basi anayepiga na aandike nyuma ya picha yake, kwa njia yoyote aliyonayo, mambo manne: ni wapi, ni lini, ni nani, na nani aliyepiga. Wajukuu zetu watagombana juu ya maana, kama tunavyogombana sisi juu ya beti za kale, na hilo ni haki yao. Tusiwaachie wagombane juu ya yale ambayo tungeweza kuyaandika kwa mstari mmoja.